Mjadala: Panya aliyedungwa malaria kwa sindano tumwamini?

Kuna jamaa humu anasema kwenye majaribio ya dawa na chanjo malaria ni malaria, panya wa maabara aipate kwa mbu au kwa sindano ugonjwa ni uleule. Nakataa kabisa, na nyie mnaoshangilia kila chanjo iliyokinga panya naomba mnisikilize kidogo.

Mbu akiuma anaacha vimelea kwenye ngozi, hapo vinahangaika kutafuta mshipa wa damu, vingi vinafia njiani, vilivyobaki vinaingia kwenye ini na kwa panya vinakaa humo siku kama 2 ndo vinatoka kuvamia chembe nyekundu. Sindano inaruka yote hayo, unachukua damu ya panya mgonjwa unamdunga mwenzake tumboni basi, na ukiendelea hivyo panya kwa panya bila mbu, vimelea vinazidi kuwa vikali.

Sasa hapa ndo penyewe. Wengi wangedhani hiyo tofauti ya ukali inaletwa na ini, maana sindano inaliruka. Lakini 2013 watafiti wa London waliotumia Plasmodium chabaudi, kimelea cha malaria ya panya, walionyesha kimelea kilichotoka kupita kwa mbu kinabaki kipole hata ukikihamisha kwa damu na sindano, yaani kupita kwa mbu kunabadilisha jeni zinazofanya kazi ndani ya kimelea na kinga ya panya inakipokea tofauti. Kwa hiyo sio njia tu, ni kimelea chenyewe!

Na sio malaria peke yake. 2009 huko Marekani chanjo ya lishmania (ugonjwa mwingine wa vimelea) iliyotengenezwa kwa vimelea vilivyouawa iliwakinga panya waliodungwa sindano, ila walipoumwa na vile vijiinzi vinavyoueneza huo ugonjwa chanjo ikashindwa.

Najua mtasema kufuga mbu ni gharama, na ni kweli, Plasmodium berghei, kimelea kingine cha malaria ya panya, kile kilichopatikana Katanga, Kongo 1948, kinataka mbu wakae kwenye nyuzi joto 20 hivi, tena karibu wiki 3 kabla hawajaweza kuambukiza, sasa uko Dar na umeme unakatika, huo ni mtihani. Kwa kupima dawa inayoua vimelea vya kwenye damu sindano inatosha, hapo sibishi. Ila chanjo hapana, ijaribiwe kwa mbu kwanza ndo itangazwe, na anayeandika habari yake aseme wazi wale panya waliambukizwaje.

Wewe unayesema ni uleule nijibu hiyo chanjo ya 2009, kama ungeishia kwenye sindano si ungeipeleka kwa watu?