Mlinganyo wa Schrödinger kwenye Python: jumla ya uwezekano inapita 1

chiromo_mwaka3
Hamjambo wadau. Naendesha pakiti ya wimbi (ψ) ya elektroni yenye nishati ya 1 eV kwa mbinu ya Euler, ile ya kusogeza wakati hatua kwa hatua: umbali kati ya nukta za gridi Δx = 0.1 nm, hatua ya wakati Δt = 0.01 fs, ψ = 0 kwenye kuta za sanduku. Kufikia hatua ya 1000 jumla ya |ψ|², yaani uwezekano wote unaopaswa kubaki 1, ni karibu 1.25, halafu nambari zinalipuka. Nipunguze Δt, ama niwe nairudisha jumla kuwa 1 kila hatua?

ngara_kwanta
Yote mawili achana nayo. Kila hatua ya Euler huzidisha sehemu yenye nishati E kwa (1 − iEΔt/ħ), ambapo ħ ni namba ya Planck iliyogawanywa kwa 2π, na ukubwa wa kizidisho hicho ni √(1 + (EΔt/ħ)²). Hakuna Δt itakayoushusha hadi 1. Ukiipunguza unaahirisha mlipuko tu.

Nishati ya juu ndiyo hukua haraka zaidi. Kwa gridi yako kilele ni 2ħ²/(mΔx²), m ikiwa masi ya elektroni, takriban 15.2 eV, na kizidisho chake ni 1.0265 hivi. Unakiona kidogo? Kwa hatua 1000 kinapita bilioni 200, kwa hiyo hata vichembe vya makosa ya desimali ya 16 vinafura.

Kuilazimisha jumla iwe 1 ni kubaya zaidi, maana kunaficha ugonjwa. Chora sehemu halisi ya ψ baadaye: pakiti imemezwa, yamebaki meno ya msumeno, alama ikigeuka kila nukta.

Tumia mbinu ya Crank–Nicolson, H ikiwa matriksi ya nishati:

(1 + iHΔt/2ħ) ψ mpya = (1 − iHΔt/2ħ) ψ ya sasa

Hapa kizidisho kina ukubwa wa 1 kamili kwa E yoyote. Matriksi ina mishazari mitatu tu (diagonal) isiyo sifuri. Function ya `solve_banded` ya SciPy inaimaliza hata kwa laptop kuukuu ya Luthuli Avenue.

kasarani254
Tangaza ψ kuwa `complex128` (aina ya nambari changamano, zenye sehemu ya i) tangu mwanzo. `np.zeros` pekee hutoa nambari halisi. Ukiijaza baadaye, sehemu ya i inatupwa kwa onyo dogo tu.

Pia Crank–Nicolson haitibu Δx. Kwa 1 eV urefu wa wimbi λ ni 1.23 nm, una nukta 12 kwa wimbi, na pakiti itachelewa kwa asilimia 4 hivi. Kwa Δx ya 0.05 nm inashuka hadi asilimia 1. Panua sanduku vilevile: kasi ni 0.593 nm/fs, kwa hiyo ndani ya 50 fs inatembea karibu 30 nm, na ikigonga ukuta inarudi kujivuruga.

chiromo_mwaka3
Sasa jumla imetulia. Kizuizi cha 1.5 eV nakiweka wapi?

ngara_kwanta
Mshazari wa kati wa H: jumlisha V(x), yaani nishati ya kizuizi, hapo, nukta kwa nukta. H ni ileile pande zote mbili. Ukiisahau V upande wa kulia, jumla inaanza kuyumba tena.