Rambirambi za mama yetu wa mwaloni zimebaki, tumkumbuke vipi? Naombeni ushauri

mwana_wa_mwalo ameandika:

Wakuu salamu. Niko huku Ilemela, Mwanza, pembezoni mwa Ziwa Victoria, mwalo wetu (pale mitumbwi inaposhushia samaki) siutaji kwa sababu familia haitaki jina la marehemu lizagae mtandaoni, wa huku mtamjua tu. Mwezi uliopita tumemzika mama mmoja ambaye mtaa mzima tulimwita mama, mchuuzi wa dagaa, hajawahi kuwa diwani wala mwenyekiti wa chochote, ila ukimtafuta mtoto aliyesoma shule ya msingi ya hapa ambaye hajanywa uji wake humpati, na wajane waliofukuzwa na mashemeji wengi wamelala kwake kwanza kabla hawajajua pa kwenda.

Sasa shida iko hapa. Msibani watu walichanga kweli kweli, tumelipa jeneza, turubai, chakula, nauli za ndugu waliovuka kutoka Ukerewe, na bado hela imebaki, tena si haba. Kamati imegawanyika. Wazee wanataka kaburi lijengewe kwa tailizi na bango kubwa liwekwe njia panda, vijana wanataka tisheti zenye sura yake siku ya arobaini, na sisi wachache tunasema hela iende kwenye uji.

Kwa msiomjua niwaeleze huo uji, maana watu wengine wanadhani alikuwa na mzungu nyuma yake. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai siku hizi za sola. Mwezi ukishakuwa mkubwa ziwa zima lina mwanga, dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inavutwa nchi kavu, wavuvi wanaondoka, mwaloni hakuna hela wiki nzima na ushee. Hapo ndipo njaa inapoingia. Yaani mvua inaweza ikawa imenyesha vizuri, mahindi yamejaa sokoni, na bado kila mbalamwezi watoto wanaenda shule na tumbo tupu kwa sababu mama zao hawana cha kuuza. Wote tulikuwa tunaona, yeye ndo akalishika. Akawakalisha wanawake wa kwenye chanja, pale wanapoanika dagaa, wakakubaliana, wakati wa giza kila anayeanua dagaa wake anatoa kopo moja, makopo yanajaza gunia, gunia linauzwa, linanunua mahindi na sukari, mbalamwezi ikianza sufuria linabandikwa pale shuleni. Kila jina na kopo lake kwenye daftari, na daftari alikaa nalo yeye miaka yote hiyo.

Sasa daftari liko kabatini, na giza la juzi limepita hakuna hata kopo moja lililotolewa, kila mtu anasema anasubiri kamati. Hela hii tuifanyeje, na kuna taratibu gani za kisheria ili kesho tusije kugombana? Nawasilisha.

---

Dagaa Kavu:

Poleni sana mkuu. Kama ndo ninayemfikiria basi mimi alinitia hasara mpaka basi hahaha. Nilikuwa nanunua kwenye miyalo napeleka pale soko la Kirumba, na sisi wanunuzi wa zamani tulikuwa na mtindo wetu, ndoo ya lita ishirini unaijaza mpaka juu inaota kichuguu, bei ni ya ndoo, kichuguu ni chako bure. Ukifanya hivyo kwa wanawake watano jioni una ndoo nzima ambayo hujailipia. Na wanawake walikuwa wanakubali kwa sababu usiponunua wewe mvua ikinyesha usiku dagaa wanaloa, kesho ni chakula cha kuku.

Huyu mama akawa anatembea na ufito. Anakuja anasimama, hasalimii, anapitisha ufito juu ya mdomo wa ndoo shwaaa, kichuguu chote kinarudi kwenye turubai la mwenye mali, halafu ndo anakwambia "shikamoo baba, haya lipa". Mimi mtu mzima natukanwa kwa shikamoo! Nilihama mwalo huo kwa hasira, nikarudi baadaye kwa sababu dagaa wao walikuwa wasafi, walianza mapema kuanikia kwenye chanja wakati wengine bado wanamwaga mchangani.

Ushauri wangu, hela isiende kwenye tisheti. Zikifuliwa mara mbili sura inapotea.

---

Mzee wa Kivuko:

Vijana mnaongea sana. Mimi nasema kaburi lijengewe. Mtu kama yule ukimwacha na kifusi cha udongo mvua za masika zije zimlaze, watoto wake watasema nini? Uji ni kitu kizuri lakini uji unanyweka ukaisha.

Halafu msimfanye malaika, maana naona ndo mnakoelekea. Alikuwa mbishi na mdomo anao. Alianza na mapanki miaka ya 90, viwanda vya minofu vilipochangamka hapa mjini, sangara anaingia mzima, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunauziwa kichwa na miba ya katikati, ndo hayo mapanki, tunakaanga. Sisi tulishukuru hata hiyo, yeye akawa anauliza kwa sauti mbele ya magari ya kiwanda kwa nini anayevua anakula mifupa. Watu walikuwa wanamkimbia kwa aibu. Na kuna mwaka mahindi ya msaada yaligawiwa kwa kujuana, akaenda na sufuria tupu akakaa mlangoni kwa ofisi fulani asubuhi mpaka jioni, mtu akitaka kuingia aruke sufuria. Orodha ikasomwa upya kesho yake hadharani. Waliokuwa wamepata mara mbili hawakumsemesha tena mpaka anakufa, na wengine niliwaona msibani wanalia kuliko wafiwa.

Njaa alikuwa anaijua mwilini, hakusimuliwa. Ile ya 1974, ya ugali wa yanga (mahindi ya njano ya msaada), yeye alikuwa binti, alikuwa akitueleza walivyomaliza michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) yote ya ndani wakaanza kuhesabiana matonge.

---

bint_sheria:

Poleni wafiwa. Nijibu lile la taratibu.

Msikimbilie kuanzisha NGO, ile ina sheria yake ya 2002 na ripoti zake, kwa uji wa shule moja mtajichosha bure. Anzeni na kikundi cha kijamii, mnaenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkiwa na katiba yenu fupi, muhtasari wa kikao na orodha ya wanachama, mnasajiliwa halmashauri, mnafungua akaunti yenye saini za watu zaidi ya mmoja. Siku ikifika mna kiwanja au jengo mnataka bodi ya wadhamini ndo mtaenda RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Na mtu asiwadanganye kuhusu ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri inayotengewa vikundi (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu), ule ni mkopo japo hauna riba, unarudishwa, haupikiwi uji.

Shuleni pia mpite kwenye kamati ya shule kwa maandishi. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 michango ya kulazimisha imekatazwa, kwa hiyo kopo la dagaa liandikwe wazi kwamba ni hiari, na mtoto ambaye mama yake hajatoa anakunywa kama wengine. Najua mama alikuwa anafanya hivyo hivyo, lakini yeye alikuwa anaogopwa, nyie hamuogopwi.

Halafu hakuna aliyegusa upande wa wajane. Nilipokuwa nafanya mazoezi ya kazi kwenye msaada wa kisheria hapa Mwanza alikuja na mjane aliyetolewa kwenye shamba la marehemu mumewe, na kwenye mkoba wa plastiki ana fotokopi imechakaa imeshika harufu ya dagaa. Naifungua, ni hukumu ya 1990 ya Mahakama Kuu hapa hapa Mwanza, Jaji Mwalusanya, kesi ya Holaria Pastory, yule mama wa Kagera aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, ndugu wakaja juu kwamba mila za Kihaya hazimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema mila hiyo inabagua na inapingana na haki zilizowekwa kwenye Katiba mwaka 1984. Mimi nilikuwa nimeisoma chuoni nikadhani ni ya kujibia mtihani. Yeye alikuwa anaitembeza kwenye mabaraza, anamwambia mzee wa baraza "soma hapa baba, imeandikwa mjini kwetu". Kesi yenyewe ilikuwa ya kuuza na ya mjane wetu ilikuwa ya kufukuzwa, kisheria ni vitu viwili, lakini mashemeji wakiona muhuri wa Mahakama Kuu walikuwa wanapoa. Tukamuongezea Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inayosema mila ikimnyima mwanamke ardhi basi mila hiyo ni batili. Shamba lilirudi.

Kwa hiyo mkitenga hela, tengeni kidogo kwa ajili ya nauli na fotokopi za watu kama wale. Hakuna atakayewapigia makofi lakini ndo kazi aliyoifanya.

---

mjukuu wa pili:

Shikamooni wakubwa. Mimi ni wa familia, nimesoma yote, asanteni. Bibi hakupenda picha, mkitafuta mtapata ile ya kitambulisho tu na amenuna, sasa tisheti mtaweka ipi.

Kaburi tutalijengea wenyewe watoto na wajukuu, tofali na simenti ya kawaida, mzee wa kivuko usiwe na shaka. Bango hatutaki.

Ila nami niseme moja. Nyumbani hatukuwa tunafurahi siku zote. Wageni wanakula kwanza, sisi tunasubiri, ukilalamika unaambiwa wewe leo unasubiri saa moja mwenzio amesubiri tangu juzi. Mama yangu mpaka leo akikumbuka anakunja uso. Kwa hiyo daftari mkilichukua mpeni mtu zaidi ya mmoja. Bibi alilala nalo chini ya mto kwa sababu hakuwa anamuamini mtu, na hilo ndo limetufikisha hapa.

---

Mkolani kwetu:

Mimi nimepika shuleni, niongezee kidogo. Mkitaka kusaga karanga kwenye unga wa uji msisage za miezi mitatu kwa mpigo, zinavunda zinaingia sumukuvu (sumu ya ukungu), na mahindi muhakikishe yamekauka kabla ya kuweka stoo. 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi ya namna hiyo. Dagaa wa kusaga muwatoe vichwa, wakaangwe kavu kidogo ndo wasagwe, wekeni kiasi kwa sababu mtoto akisikia shombo kwenye uji anamwaga nyuma ya choo na wewe unajisifu umetoa lishe.

---

mwana_wa_mwalo:

Wabeja (asanteni) sana wote. Nimemsomea mwenyekiti wa kamati comments zote, bango limekufa, tisheti bado wanabisha lakini wamebaki wawili. Tumekubaliana daftari lishikwe na wanawake wawili wa kwenye chanja pamoja na mwalimu mmoja, na kikao cha katiba ya kikundi ni Jumapili baada ya ibada. Bint_sheria nitakutafuta pembeni kwa ile rasimu na nakala ya hukumu, ya bibi haisomeki tena.

Giza linaanza wiki ijayo, makopo yataanza. Ila mahindi ya mbalamwezi hii itabidi tununue kwa hela ya rambirambi, mwenye kujua gunia limesimama bei gani pale Igoma kwa sasa aseme.

---

Dagaa Kavu:

Usinunue Igoma, nina mtu anashusha kutoka Geita. Njoo PM. Na gunia lake halina lumbesa, yaani kile kichuguu cha juu ya gunia, nitakuja na ufito mwenyewe.