Eti "mengine mtayakuta huko huko"! Huyu mtu anatuandaa na TP (mazoezi ya kufundisha mashuleni) au anatuandaa na mazishi?

Chaki Nusu (mleta uzi):
Wakuu, ndiyo kwanza natoka ukumbini, vidole vinatetemeka, makosa ya uandishi mtayameza hivyo hivyo.

Simtaji. Mnamjua. Yule wa projekta. Yule anayepewa semina ya kuwaandaa watu na TP kila mwaka, na kila mwaka anafungua kwa "nitakwenda haraka haraka kwa sababu ya muda", halafu dakika 50 zinaishia kwenye maana ya neno elimu. Huyo huyo.

Leo kaja na slaidi 94. Maandishi kama sisimizi walioitwa kwenye mkutano wa dharura. Ngazi za Bloom za malengo ya kujifunza zimepita ukutani mara saba, tena zile za 1956, mzee hajapata taarifa kwamba 2001 zilipangwa upya na kileleni siku hizi imekaa kubuni. Tukavumilia. Watu wamelala, wameamka, wamelala tena. Saa ya tatu dada mmoja wa hisabati kanyoosha mkono, kwa adabu zake zote: "Mwalimu, andalio la somo la mfano linasema wanafunzi wakae vikundi vya watu 6 na kila kikundi kiwasilishe. Darasa likiwa na watu 60 na kipindi ni dakika 40, tunafanyaje?"

Jamaa kafunga kompyuta.

Kaifunga kwa sauti. Ta! Akasema: "Mengine mtayakuta huko huko."

HUKO HUKO WAPI? Nimepiga hesabu nyuma ya daftari kwa hasira. Watu 60 kwa vikundi vya 6 ni vikundi 10. Kila kimoja kikiwasilisha dakika 3, hizo 30. Kuita majina 60 kwa sekunde 3 kila jina, dakika 3. Kuhamisha madawati, 4. Maelekezo, 2. Jumla 39. Imebaki dakika MOJA ya kufundisha, kupima, kutoa kazi ya nyumbani na kufuta ubao. Na hapo vikundi havijapewa hata sekunde ya kujadiliana, yaani wanawasilisha hewa.

Nisiseme lile zoezi la kufundishana sisi kwa sisi. Lilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, 1963 mpango ulikuwa: unafundisha kipande cha dakika chache mbele ya wanafunzi wachache, unazoezea stadi moja tu, unaambiwa ulipoharibu, unapanga upya, unafundisha TENA. Yeye kaondoa kurudia. Kabakiza aibu. Kila mtu dakika 5, mara moja, kwisha, mwingine aje.

Naambatanisha andalio langu mwone mtu alivyojitesa bila msaada wa yeyote. Malengo, hatua, dakika, kila kitu kimo. Halafu mtu anafunga kompyuta. Mbele ya dada wa watu. Ta!

Kengele ya Mwisho:
Nimekaa pale.

Mwalimu wa Zamu:
Kijana, povu kwanza lipungue. Swali la huyo dada lina jibu la nusu dakika. Vikundi 10 havilazimiki kuwasilisha vyote. Vyote vinafanya swali lile lile, unaita vitatu, na unavitaja BAADA ya kazi kwisha. Ukivitaja mapema, saba vilivyobaki vinahamia kwenye soga. Cha kwanza kinasema, cha pili kinaongeza tu ambacho cha kwanza hakikusema, cha tatu kinasahihisha. Dakika 6 umetoka. Madawati usiyaguse: wa mstari wa mbele wanageuka nyuma, watatu kwa watatu, kikundi hicho.

Maelekezo yatoke kabla hawajageuka na kabla karatasi haijagawiwa. Karatasi ikishafika mkononi wewe si mwalimu tena, wewe ni redio ya jirani. Na usiulize "mmeelewa?" Utajibiwa "ndiyooo" na watu 60, wakiwemo watatu waliokuwa chooni. Mshike mmoja arudie kazi yenyewe: tunafanya nini, kwa dakika ngapi, nani anaandika.

Dawati la Nyuma:
Sasa mzee, jibu hilo si angelikuta huko huko 😂😂

Chaki Nusu:
Mwalimu wa Zamu, NDIYO HASIRA YANGU! Nusu dakika! Mtu ana slaidi 94, nusu dakika anakosa, lakini nguvu ya kufunga kompyuta anayo!

Wino Mwekundu:
Nimefungua andalio la mleta uzi. Mungu nisaidie.

Lengo: "Mwanafunzi aelewe sehemu." Aelewe! Utaonaje kwamba kaelewa, utampasua kichwa uchungulie? Weka kitendo kinachoonekana na kiwango chake: "Hadi mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, apate maswali 4 kati ya 5." Hapo hata msimamizi mwenye usingizi anajua atafute nini kwenye madaftari, na wewe swali la tathmini tayari unalo, huna haja ya kulibuni kengele ikilia.

Pili, nimejumlisha dakika zako. Utangulizi 5, maarifa mapya 15, mazoezi 15, tathmini 7, hitimisho 3. Hizo ni 45. Kipindi ni 40. Wewe na mfunga kompyuta ni mtu na ndugu yake.

Chaki Nusu:
Hizo 5 ni za dharura.

Wino Mwekundu:
Dakika za dharura zinakatwa ndani ya 40, haziongezwi kwa nje. Panga 35. Tano zitaliwa tu, mwalimu aliyekutangulia hajawahi kutoka kwa wakati tangu ualimu uanze. Na kwenye mazoezi chora mstari: maswali 3 ya lazima juu, 2 ya ziada chini. Muda ukikimbia unakata ya chini. Watu wa TP wanakata hitimisho, ndiyo maana vipindi vyao vinaisha kama filamu umeme umekatika.

Bibi Mahudhurio:
Mimi nimekwama kwenye hizo dakika 3 za kuita majina. Nani bado anaita majina 60 kwa sauti? Siku ya kwanza chora ramani ya darasa, visanduku kwa safu, kila mmoja aandike jina lake alipokaa, na hapo ndipo pake. Kuanzia siku ya pili unaangalia sanduku lisilo na mtu, sekunde 20 umemaliza, na majina unayajua. "Wewe mwenye sweta" haijawahi kumtuliza mtu mwenye sweta.

Dawati la Nyuma:
Nyie wa mfunga kompyuta mna nafuu. Sisi tuna yule wa usimamizi. Simtaji na mimi, viatu vyake vinajulikana. Anaingia dakika ya 32 ya kipindi, anavuta kiti nyuma, anaandika, dakika ya 40 anasimama. Fomu ikirudi: "Utangulizi: dhaifu." UTANGULIZI UPI, MKUU? Ulipokuwa unatangulizwa wewe ulikuwa getini!

Kengele ya Mwisho:
Huyo nadhani ana darubini.

Mwalimu wa Zamu:
Dawa yake ni faili. Liwe juu ya meza kila siku, si siku mliyonong'onezwa kwamba anakuja. Mpangilio: ratiba, azimio la kazi (mpango wa mada za muhula), andalio la siku hiyo likiwa juu, nukuu za somo, orodha ya mahudhurio na alama. Utangulizi wako uandikwe kwenye andalio kwa maneno kamili, swali lenyewe la kufungulia na majibu unayoyategemea, siyo "mwalimu atauliza maswali". Akichelewa, ausome. Na sehemu ya maoni ijazwe siku hiyo hiyo: wangapi wamepata, wapi wamekwama, kesho utafanya nini. "Somo limeeleweka vizuri" mara 40 mfululizo humwambia msimamizi kwamba uliyajaza yote usiku mmoja kwa kalamu moja.

Mwenyeji Mchovu:
Mmesahau kutulalamikia sisi walimu wenyeji, basi naanza mimi kuwalalamikia nyie. Mnatumwa kwetu na nukuu za kurasa 9 za kipindi kimoja. Mnazinakili ubaoni dakika 35 mkiwa mmewapa watoto mgongo, halafu mnashangaa ndege ya karatasi imetokea wapi. Nukuu ya ubaoni isizidi robo ya ubao. Mengine yasemwe, yaulizwe, yafanywe.

Tena mnatoa zoezi la maswali 10 kwa madarasa manne ya watu 40. Madaftari 160 hayo, ukitumia dakika 2 kila moja ni saa 5 na dakika 20. Wiki ya pili mnaanza kupiga vema bila kusoma. Toa maswali 5, sahihisha mawili yanayoonyesha kosa lenyewe, matatu wabadilishane madaftari na majibu uyaweke ubaoni.

Chaki Nusu:
Mwalimu Mwenyeji, shikamoo. Unaona sasa? Yote haya yangetosha slaidi 6. Yeye kwa sauti yake kasema mengine mtayaku...

Dawati la Nyuma:
Tunajua alichosema.

Mwenyeji Mchovu:
Marahaba. Wewe lengo lako bado linasema "aelewe", nimekagua.

Kengele ya Mwisho:
Kuna kosa hamjaligusa. Mtu anauliza swali, kabla watoto hawajameza mate kajibu mwenyewe. Mtafiti wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliwapima walimu miaka mingi iliyopita: walikuwa wanasubiri kama sekunde moja tu. Wakifikisha tatu, majibu yanarefuka na hata wale wasiosema kitu wanaanza kunyoosha mikono. Uliza, hesabu kimoyomoyo hadi 3, NDIPO utaje jina. Ukianza na jina, 59 wanapumzika.

Mwalimu wa Zamu:
Na wakati wa mazoezi ya kufundishana, hao "wanafunzi" wa kuigiza wapewe vikaratasi vya siri. Mmoja ajibu kosa kwa kujiamini kabisa, mmoja hana daftari, mmoja anauliza "hii itatoka kwenye mtihani?" kila baada ya dakika. Bila hivyo unafundisha watu wenye miaka 22 wanaojua majibu yote, unatoka umejiona bingwa.

Rula ya Mita:
Samahani kuingilia. Chaki inayolia ubaoni inatibiwaje? Masikio yanauma.

Bibi Mahudhurio:
Ivunje katikati na uilaze. Inalia kwa sababu umeishika ndefu na umeisimamisha, inarukaruka juu ya ubao. Kipande kifupi kilicholala hakina pa kutetemekea.

Wino Mwekundu:
Na ufute kwa kushuka, juu kwenda chini, vumbi lidondoke. Anayefuta kwa kuzungusha anawapaka watoto wa mbele poda.

Dawati la Nyuma:
Kitambaa kibichi ndiyo mwisho wa maneno.

Wino Mwekundu:
Kitambaa kibichi asubuhi kabla ya vipindi. Katikati ya kipindi unaandika kwenye ubao wenye maji, hakuna anayeona kitu hadi ukauke, halafu unaandika upya juu yake. Acha ubishi.

Dawati la Nyuma:
Siachi.

Mwenyeji Mchovu:
Gawanyeni ubao sehemu tatu kabla ya kugombania kitambaa. Kushoto tarehe, mada na maneno mapya, hapafutwi hadi kengele. Katikati kazi ya sasa. Kulia uwanja wa fujo, hesabu za pembeni. Na kabla watoto hawajaingia nenda kasimame ukuta wa nyuma usome maandishi yako mwenyewe. Ukikunja macho, hayo si maandishi.

Rula ya Mita:
Asanteni. Na duara? Bikari ya ubaoni hakuna, nachora kwa mkono linatoka kiazi.

Chaki Nusu:
Jamani wakuu, tafadhali, turudi kwenye uzi.

Bibi Mahudhurio:
Ndiyo, uzi. Kata wa sentimita 40, funga ncha moja kwenye chaki, karibu kabisa na ubao na siyo juu kwenye kidole. Ncha nyingine ibane kwa kidole gumba pale unapotaka kitovu kiwe. Ukibakiza 30 kati ya gumba na chaki, duara lako lina upana wa 60, la nyuma kabisa analiona.

Rula ya Mita:
Uzi wowote tu?

Bibi Mahudhurio:
Usiwe wa kuvutika. Ukivutika linatoka yai.