Nimelipia kusomewa prufu, nimeletewa "Ukulasa wa 1" hadi "Ukulasa wa 48"

Ndugu zangu, salaam. Nilijizuia wiki mbili nisije nikaandika kwa hasira, lakini jana nimefungua boksi la tatu la vitabu vyangu hapa Mwanga, Kigoma, na hali ni ileile, hivyo siwezi kuendelea kunyamaza.

Nilimpelekea mchapaji mmoja wa Kigoma mjini muswada wa kijitabu kuhusu Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, kurasa 48, nakala 300, na kwenye risiti kuna kipengele kilichoandikwa waziwazi "kusoma prufu", yaani kukagua makosa kwenye nakala ya majaribio kabla ya kuchapa, ambacho nilikilipia peke yake. Tulikubaliana kwamba hakuna kitakachopanda mashineni kabla sijasaini prufu ya mwisho. Prufu hiyo sikuiona. Nilipigiwa simu nikachukue mzigo.

Mwaka 1915, meli ilipoteremshwa majini hapa Kigoma, umechapwa 1951. Kwa hiyo msomaji wangu anaambiwa kwamba Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927, kisha ndipo ikashushwa ziwani kwa mara ya kwanza miaka 24 baadaye. Aliyeisoma aya hiyo akiwa macho asingeiacha ipite.

Hilo la tarakimu ningelimeza. La "ukulasa" limenishinda. Kosa la awali, nakiri, lilikuwa langu: niliandika kwamba abiria "walianza kura" mahali pa "kula" (tusichekane, r na l zimetusumbua wengi). Kijana wa kompyuta akaliona, na badala ya kulisahihisha pale lilipo akaiamuru programu ibadilishe "kura" zote kwa mkupuo, nayo ikaingia hadi matumboni mwa maneno mengine, ndiyo maana chini ya kila ukurasa pamechapwa "Ukulasa". Kwenye sura ya wavuvi kumchagua mwenyekiti wao, sasa "kula zilihesabiwa hadi usiku".

Nilipolalamika nikajibiwa kwamba kompyuta ilikagua yote na haikuona kosa. "Ukulasa" ingepaswa kuliona, lakini hilo la wavuvi ingelionaje, wakati kula na kura yote ni maneno halali? Kusoma prufu hufanywa vizuri na watu wawili, mmoja akisoma muswada kwa sauti na mwingine akiifuata prufu kalamu mkononi, tarakimu zikitajwa moja moja. Kwa kurasa 48 wangemaliza kwa siku moja.

Ninachodai ni kuchapiwa upya kwa gharama yao. Wanachonipa ni kikaratasi cha masahihisho nibandike ndani ya kila jalada, gundi ninunue mwenyewe. Sampuli yake wameileta leo asubuhi: kichwa chake kinasomeka "MASAHISHO".

Maboksi mawili yaliyobaki nimekataa kuyapokea. Aliyewahi kudai kuchapiwa upya akafanikiwa, naomba anieleze alianzia wapi, na kama risiti yenye kipengele hicho ilimsaidia.