Naomba ushauri: picha za Korongo la Oldupai haziungani vizuri

Habari zenu wakuu. Nipo Arusha, napiga picha za mandhari. Juzi nilisimama ukingoni mwa Korongo la Oldupai, upande wa makumbusho, nikapiga picha 9 za wima kwa tripodi ili niziunge ziwe picha moja pana (panorama), kila moja ikiingiliana na mwenzake kama asilimia 30. Mwanga na fokasi sikuvigusa katikati.

Programu imeziunga, ila tawi la mgunga lililokuwa mita 2 mbele yangu limekatika vipande viwili, na vivuli vya mawingu vimeacha mistari kwenye ule udongo mwekundu. Nimesawazisha mwanga picha moja moja: mistari imefifia, tawi bado. Inaniuma, ule mwanga ulikuwa wa kipekee.

Je, tawi limekatika kwa sababu kamera ilizungukia kwenye tripodi, si pale lenzi ilipo? Na mawingu yakikimbia, mnapigaje?