Shule inataka wastani wa 55, mwanangu ana 50. Nisaini hii barua?

Habari zenu wakuu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nipo Uyole hapa Mbeya, nauza viazi. Kijana wangu anamaliza kidato cha tatu shule ya binafsi ya bweni mkoa wa Iringa. Juzi nimeenda kumchukua, mwalimu wa taaluma akanipa ripoti pamoja na barua iliyokwishachapwa, jina la mtoto limejazwa kwa kalamu. Nichague: arudie kidato cha tatu, au aingie cha nne ila mtihani wa taifa "atasajiliwa kituo kingine". Chini kuna mstari wa sahihi yangu.

Alama zake nanakili kama zilivyo: Kiswahili 68, Uraia 60, Historia 58, Kiingereza 55, Jiografia 53, Biolojia 51, Kemia 42, Fizikia 34, Hisabati 31. Wastani 50.2. Hiyo 55 sijui imetoka wapi, maana siku ya kumwandikisha nilielezwa ada na idadi ya mashuka basi. Kwenye gari mtoto kimya, tumefika Chimala ndipo ananiuliza, "Mama, kwani nimefeli?" Sikuwa na jibu.

Mzee wa Mafiat:
Saini arudie. Mwaka mmoja si kitu. Wa kwangu alirudia, leo yuko chuo.

Chaki Nyeupe:
Pole mama. Mimi ni mwalimu, nimefundisha shule za binafsi kabla ya kuingia serikalini, barua za namna hiyo nimezigawa kwa mikono yangu. Ngoja tupige hesabu kwa madaraja ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani: 75 kwenda juu ni A, 65 hadi 74 B, 45 hadi 64 C, 30 hadi 44 D. Kijana ana B moja, C tano, D tatu. Chukua masomo saba bora: B pointi 2, C tano pointi 15, D moja pointi 4. Jumla 21. Daraja la pili linaanzia 18 linaishia 21. Ameingia kwa kubana mlango, lakini ameingia. Mwambie hajafeli.

Shule inalinda jina lake siku matokeo yakitoka. Hicho "kituo kingine" maana yake ale ugali wao, alipe ada yao, halafu matokeo yake yahesabiwe kwa shule nyingine. Mchujo wa kitaifa ni upimaji wa kidato cha pili, na huo alishavuka.

Dada wa Makambako:
Usisaini, ila usiwashe moto pia, mtoto bado analala bwenini kwao. Wizara imeshakemea habari za kukaririsha watoto darasa kwa wastani wa shule. Piga kopi ya barua, nenda kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri ilipo shule, au wathibiti ubora wa shule. Ukiamua kumhamisha fanya sasa, usajili wa kidato cha nne huwa mapema, ukichelewa umekwama.

Chaki Nyeupe:
Naongezea kwa dada. Kwenye mtihani wa kidato cha nne alama 30 kati ya 100 zinatoka kwenye upimaji endelevu wa shuleni. Akihama, fuatilia rekodi zake zimfuate.

Mzee wa Mafiat:
Sawa mwalimu, lakini Hisabati 31 nayo tuipigie makofi?

Chaki Nyeupe:
Hapana mzee wangu, hapo uko sahihi. Hiyo 31 ikishuka mbili tu ni F. Likizo hii atafutiwe tuisheni ya Hisabati na Kemia. Kemia inahitaji alama tatu tu iwe C.

Mama mwenye uzi:
Asanteni sana. Nimempigia mkuu wa shule, nikasema sisaini mpaka nioneshwe kwa maandishi hiyo 55 inatoka waraka gani. Kasema ni utaratibu wa ndani, niende Jumatatu tuongee. Kopi nimeshapiga. Mwalimu, ile hesabu ya 21 nimemwandikia kijana nyuma ya ripoti. Amekaa nayo juu ya gunia, ameirudia mwenyewe mara mbili.