Mjadala: Je, kampuni kubwa zilazimishwe kuhesabu hata moshi wa wanaoziuzia malighafi?

Mleta mada: Kwa ratiba ya taasisi ya wahasibu ya Kenya (ICPAK), kuanzia Januari 2027 mabenki, kampuni za bima na zile zilizoorodheshwa katika soko la hisa zitatakiwa kufuata viwango vya kimataifa vya 2023, vinavyodai zitaje kiasi cha gesi joto (hewa zinazoongeza joto duniani, hapa tuziite moshi) zinachotoa. Hesabu ina makundi matatu: moshi wa mitambo na magari ya kampuni yenyewe, ule wa umeme inaoununua, na ule wa wote wanaoiuzia na wanaonunua kwake. Ubishi uko kwenye kundi la tatu. Tume ya masoko ya hisa ya Marekani ililiondoa kabisa katika kanuni zake za Machi 2024. Mimi nasema lilazimishwe. Mafuta huchomwa na mteja, si na aliyeyachimba, na benki haina moshi wa maana zaidi ya ule wa miradi inayokopeshwa nayo. Tena kwetu Kenya, ambako umeme mwingi wa gridi hutokana na jotoardhi, maji na upepo, kampuni ikiruhusiwa kuishia kundi la pili itaonekana safi bila kufanya lolote.

Mchangiaji: Ndugu mleta mada, umeandika kama mtu ambaye hajawahi kuletewa fomu. Mimi ni mhasibu katika kiwanda cha chai upande wa Kericho, na mwaka jana mnunuzi wa Ulaya alitutumia jedwali la kujaza, maana kwake moshi wetu ni kundi la tatu. Dizeli ya jenereta haikunisumbua: nilijumlisha lita kutoka daftari la stoo, nikazidisha kwa kilo 2.68 za hewa ukaa kwa kila lita. Kilichonikwamisha ni kuni. Boila yetu hula mikaratusi, na kanuni inataka hewa ukaa ya kuni iandikwe kando, nje ya makundi yote matatu, kwa hoja kwamba mti ukipandwa tena huifyonza. Jedwali lenyewe halikuwa na safu ya kuni wala halikuuliza kama kuna aliyepanda. Mbolea ya wakulima wetu nayo ilitakiwa kwa kilo, ilhali wengi wao hawatunzi risiti. Tulikadiria, na mnunuzi akayachapisha makadirio yetu kwa desimali mbili. Bei ya chai haikupanda hata senti.

Mleta mada: La gharama nalikubali, na ningeongeza sharti kwamba anayedai takwimu ndiye alipie upimaji. Ila viwango vinaruhusu makadirio, mradi kampuni ieleze ilivyoyapata. Kosa hapo ni la mnunuzi aliyeficha kwamba ni makadirio. Au ungependa aache pengo?

Mchangiaji: Ningependa aandike kuni ni mita ngapi za ujazo, na zimekatwa shamba gani. Hayo ninayo, yapo kwenye daftari la getini, na hakuna aliyeyaomba.